Kitanda Bado Kinanuka

Dukani, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Mzigo umefika. Kimya, dereva wangu tuliyempa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza, ameshusha kitanda cha mama, kabati lake la nguo na viti viwili vya mikono, kisha akaenda kusimama mbali, upande unakotoka upepo. Nikamuuliza ana nini. Akanijibu, "Bosi, nimeendesha vioo vyote wazi njia nzima. Nimesimama mara tatu kufungua boneti. Nilidhani injini inaungua, kumbe ni kabati."

Umeniandikia maneno haya: "Vitu vya mama, vizuri, vimechoka kidogo, uza upesi." Kuchoka nakuona. Lakini huo moshi mbona hukuutaja? Nilipofungua droo ya chini ya kabati nilirudi nyuma kama niliyepigwa kofi. Mimi nimeanza kazi hii na kigoda kimoja cha miguu miwili, nilichokiokota jalalani mwaka ule ule wewe ulipopewa nyumba na mimi nikapewa baraka. Tangu hapo nimepokea samani za vilabu vya pombe, za hospitali, hata za nyumba iliyoungua. Sijawahi kupokea mzigo unaonuka hivi kutoka kwa mtu aliyesema ni wa mama yake.

Sasa unielewe, maana wewe unadhani kazi yangu ni kupaka vanishi na kungoja wateja. Harufu ya moshi haiuziki. Mteja atakipapasa kitanda, atakisifu, atamwita mkewe aje akione. Kisha ataisogeza pua, na hapo nusu ya bei imeondoka. Akirudi nyumbani kufikiria, hiyo nusu iliyobaki nayo inaondoka naye.

Kazi ninaanza kesho. Kwanza kufungua kila kitu vipande vipande: chaga, miguu, ubao wa kichwani, migongo ya droo. Kisha kufuta kukavu, kwa kitambaa kikavu na brashi laini, kabla ya tone lolote la maji. Mafundi wa kukimbilia hulowesha masizi wakati bado yamelala juu, wakayapigilia ndani ya mbao, halafu wanashangaa harufu imerudi siku ya mvua. Baada ya hapo ndipo siki na maji, kikombe kimoja kwa vitatu, na jua.

Lakini nahitaji kujua: ni moshi wa nini? Sigara ina dawa yake, kuni zina yake, mafuta ya taa yana yake. Usinifanye nibahatishe kama mganga.

Na swali lingine. Umesema mama amepata kitanda kipya. Amekipata wapi? Dada mtu anauza vitanda, na mama ananunuliwa kitanda kwa mtu mwingine?

Msalimie mama. Msalimie na wifi, na mikate yake.

Dada yako

---

Nyumbani, tarehe 11 Machi

Dada,

Pole kwa harufu, na mpe pole Kimya, ingawa nina uhakika hadithi ya kufungua boneti mara tatu ameiongeza mbili.

Naona aibu kukuandikia hili, lakini umeuliza. Ni sigara. Nilirudia kuvuta mwaka juzi, kazi ya mizani ilipokuwa ngumu. Unajua kukaa pale barabarani usiku na mchana kupima malori, kila dereva anakutazama kama wewe ndiye uliyempakilia mzigo uliozidi. Jioni nikirudi nilikuwa nakaa chumbani kwa mama tukizungumza, navuta mbili tatu, yeye hasemi kitu. Ndiyo hivyo. Ukitaka kunitukana, nitukane mara moja, halafu tuendelee.

Mama hajambo. Kikohozi kidogo tu cha baridi. Kitanda kipya alikipata kwa rafiki yangu mmoja, kwa upesi, ndiyo maana sikukusumbua. Chumba chake tunakipaka rangi, nyumba nzima iko juu chini, hivyo usije kwanza. Utakanyaga ndoo.

Wifi yako anakusalimu. Mikate inakwenda vizuri sana, sasa anaoka mara mbili kwa siku. Naomba uviuze vile vitu haraka, hata kwa bei ya kutupa. Havina haja ya kusafishwa sana.

Mdogo wako

---

Dukani, tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Sikutukani. Nimezeeka mno kwa matusi. Nakuuliza tu: mtu mwenye mama wa umri ule, mwenye kifua kile, unakaa kwenye kiti chake, unamvutia moshi usoni, na yeye hasemi kitu, na wewe unaona ni mazungumzo? Mama hajawahi kusema kitu maisha yake yote. Hata baba alipomkanyaga mguu kwa bahati mbaya alisema "samahani" yeye. Kunyamaza kwake si ruhusa.

Haya. Nikupe habari za wagonjwa wangu.

Viti viwili nimevichana vitambaa. Sifongo yote nimetupa, hakuna dawa ya sifongo. Fundi wangu wa msasa alinishauri tupulizie manukato. Nikamwambia aende akampulizie mke wake. Ukipaka manukato juu ya moshi, unapata moshi uliovaa kwenda harusini. Harufu inatolewa, haifunikwi.

Kabati limekaa juani likiwa limefunguliwa milango, na ndani nimeweka mabakuli ya mkaa uliopondwa. Ndiyo, mkaa. Cheka. Mkaa unaotoa moshi ukiwashwa ndio unaounyonya ukiachwa baridi. Chini ya droo nimemwaga unga wa kahawa. Kila asubuhi nafungua, nanusa, nafunga. Harufu imepungua, lakini ukilifunga kabati likalala limefungwa, asubuhi moshi unakuja kukupokea mlangoni kama mbwa.

Kitanda ndicho kinachonishinda, na ndicho kilicho bora kuliko vyote. Mbao yake ni nzito, viungo vyake havina msumari hata mmoja. Sijui baba alikinunua kwa nani, lakini fundi yule alijua kazi.

Sasa kuna kitu. Moshi wa sigara ninaufahamu. Ukiufuta kwa siki, kitambaa kinatoka na rangi ya chai, na kinanata. Wa kwako umetoka mweusi. Nimefua kitambaa kile kile mara sita, maji yanatoka kama ya kuoshea sufuria. Na umeingia nyuma ya droo, kwenye kona ambazo mtu anayevuta mbili tatu jioni hawezi kuzifikia hata akitaka. Ulikuwa unavuta nini, mdogo wangu? Gogo?

Mwambie mama aniandikie mistari miwili. Si lazima iwe habari. Nataka kuona mwandiko wake.

Dada yako

---

Nyumbani, tarehe 27 Machi

Dada,

Wewe unaweza kukihoji kiti mpaka kikakiri. Sigara zangu zilikuwa za bei rahisi, labda ndiyo maana. Sijui kemia ya moshi, mimi napima malori.

Mama mkono unamuuma, hawezi kushika kalamu kwa sasa. Anakusalimu sana. Anakula, analala.

Tafadhali uza. Nina haraka na nafasi, magunia ya unga yanakuja na sina pa kuyaweka. Nilikuwa nadhani ukishapokea vitu basi, kumbe imekuwa ni kesi.

Mdogo wako

---

Dukani, tarehe 4 Aprili

Wewe,

Sitakuita mdogo wangu katika barua hii.

Juzi nilimaliza kufuta ubao wa kichwani wa kitanda cha mama. Nilikuwa nimeuacha mwisho kwa sababu ndio mpana na ndio wenye nakshi. Kabla sijaugusa nikausimamisha mlangoni, kwenye mwanga, kupiga hesabu ya msasa utakaotumika. Nikaona.

Ubao wote ulikuwa mweusi, sawasawa, kama uliopakwa. Isipokuwa katikati. Katikati kulikuwa na sehemu safi, upana wa mabega ya mwanamke, na juu yake mviringo mdogo. Na katika sehemu ile vanishi imeisha, mbao iko uchi, imekuwa laini kama kijiko cha zamani. Nilipitisha kiganja. Nilidhani kwanza ni mtu aliyeegemea jioni akishona. Lakini mtu anayeegemea jioni habandui vanishi, na hazuii masizi yasikae. Masizi yanakaa usiku kucha, na usiku kucha kulikuwa na mgongo pale.

Nimewahi kununua kitanda cha mzee mmoja mwenye pumu, kwa wanawe. Kilikuwa na alama hiyo hiyo. Anayelala haugusi ubao kwa mgongo. Mama amekuwa akilala amekaa. Na mtu mzima halali amekaa mpaka achubue mbao, ila kama kila akijinyoosha pumzi inamkatika.

Na moshi ule ni wa kuni. Kuni mbichi. Nimeunusa tangu siku ya kwanza nikajikatalia, kwa sababu sikutaka kuamini. Wifi anaoka mara mbili kwa siku. Tanuri liko wapi? Mara ya mwisho nilipokuja lilikuwa uani, chini ya bati lake. Sasa liko wapi? Magunia ya unga yanaingia chumba gani? Mnapaka rangi, au mmemtoa mama chumbani mkaweka unga? Kitanda hicho kipya kina miguu mingapi? Nadhani hakina. Nadhani mama analala kwenye kochi lako, au chini.

Usinijibu kwa mzaha. Nijibu maswali yangu kwa mpangilio niliouandika.

Kitanda kimetoka safi. Kimekaa ndani kimefungwa kwenye turubai, nimefungua, nimeweka pua kwenye ubao, hakuna kitu. Lakini sitaki mama akione tena. Kila nikikitazama naona ule mgongo. Nimempangia kitanda cha mninga kilichoingia wiki hii, na chumba cha mbele chenye madirisha mawili. Kimya akija huko safari yake inayofuata atampakia mama kiti cha mbele. Umwandae.

Dada

---

Nyumbani, tarehe 10 Aprili

Dada,

Umepata. Pokea hongera zako.

Tanuri liliangukiwa na bati wakati wa mvua za mwaka juzi, tukalihamishia kibarazani kwa nyuma, ukuta mmoja na chumba cha mama. Dirisha lake ndilo lilikuwa linapokea moshi wote. Nilikuandikia wakati ule. Nilikuomba unisaidie bomba la moshi, lile refu la kupita juu ya paa. Unakumbuka ulinijibu nini? Ninayo barua yako, lakini sina haja ya kuitafuta: "Niletee kwanza hesabu iliyopigwa vizuri, vipimo na bei za maduka matatu, mimi si benki." Vipimo nilikuletea. Ukasema duka la pili limeandikwa kwa penseli, hukubali penseli. Nikaacha.

Ndiyo, unga uko chumbani kwake. Ndiyo, analala sebuleni, kwenye kochi. Sigara sijavuta tangu nilipooa. Nilidanganya kwa sababu nilitaka unichukie kwa kitu kidogo.

Lakini kabla hujampangia mama madirisha mawili, tukumbushane. Baba alipofariki, mama alikuja kwako wa kwanza, siyo kwangu. Alikaa mvua nzima. Kwa muda huo alilala vitanda vitatu. Si kwa starehe. Kila akizoea kimoja, kinapata mteja. Cha tatu ulikiuza akiwa amekwenda kliniki. Alirudi akakuta godoro limesimamishwa ukutani na shuka zake zimekunjwa vizuri juu ya ndoo. Na sebuleni kwako viti vyote vina nailoni. Mteja mmoja alimwambia, "Mama, samahani, tunaomba usimame kidogo tukipindue tuone miguu." Mama akasimama. Wewe ulikuwepo. Ulimshikia mteja kile kiti.

Alinisimulia akicheka. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakurudi kwako tena, na kila mwaka ukituma salamu za kumwita anasema ana kazi ya kushona.

Kwangu kulikuwa na moshi. Sikatai. Ila hakuna aliyewahi kumwamsha ili kitanda chake kiuzwe.

Mdogo wako

---

Nyumbani, tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Mkono hauniumi. Mdogo wako hakunipa karatasi. Hii nimeichana kwenye mfuko wa unga, ndiyo maana imekunjana. Nitampa Kimya mwenyewe mkononi, amesema atapita asubuhi kuchukua mikate.

Jana wamegombana, yeye na mkewe, juu ya barua zako na alivyokujibu. Nikazisoma zote walipokwenda kulala. Naona mnanigawana kama kabati, huyu anachukua milango, yule droo. Sasa na mimi niseme.

Sikukasirika kwako kwa sababu ya vitanda. Ilikuwa kazi yako na ulikuwa unajijenga peke yako, hapakuwa na mtu wa kukushika mkono. Nililijua hilo. Lakini nilichoka kukaa kwa tahadhari. Kwako kila nilichokalia kilikuwa na bei, na nilijua bei zote, kwa sababu ulikuwa unazitaja mchana kutwa. Mtu hawezi kulala vizuri juu ya kitu anachojua bei yake.

Kile kitanda ni changu. Umeandika kwamba baba yako ndiye aliyekinunua. Siyo. Nilikinunua mimi kwa cherehani, kabla hujazaliwa, kwa kushona sare za shule moja miaka miwili. Baba yako hakuamini mpaka kilipoingia mlangoni. Ndicho kitu pekee nilichonunua bila kumwomba mtu ruhusa. Nyinyi wote wawili mmezaliwa juu yake.

Na sikusema kiuzwe. Sikiliza vizuri. Kifua kilipozidi nilimwambia mdogo wako: mpelekee dada yako vitu vyangu, yeye anajua kutoa harufu. Vikiwa safi, mimi nitavifuata. Nilikuwa nimeshaamua kuja. Nilitanguliza kitanda ili nikifika nikute pangu. Yeye akakuandikia uza. Sijui kwa nini. Labda aliona aibu watu waseme mama amemkimbia. Labda ni unga. Mkewe alilia, yeye si mbaya, ana watoto na tanuri.

Basi nakuja. Nitapanda na Kimya akirudi safari nyingine. Cha mninga sikitaki, kiuze. Nataka kitanda changu, kwenye chumba chochote, hata cha nyuma, kisicho na dirisha hata moja. Usiweke nailoni. Nikikikuta pale, nitajua nimefika kwa mwanangu. Nisipokikuta nitajua nimefika dukani, na dukani nimeshakaa.

Usinidanganye. Mdogo wako amenidanganya vya kutosha, na pumzi niliyonayo ni ya kusikiliza mtu mmoja tu.

Mama yako

---

Dukani, tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Kimya anakuletea barua hii na ndiye atakayemchukua mama. Isome peke yako, nje, halafu ichome kwenye hilo tanuri lenu, angalau mara moja lifanye kazi ya maana.

Kitanda nimekiuza.

Usinicheke. Nilikiuza Jumamosi. Barua ya mama imenifikia Jumatatu, kwa sababu Kimya alipitia kwa shangazi yake akalala siku nne na mfuko wa unga wa mama umo kwenye dashibodi. Nilimfokea mpaka akanyamaza, wafanyakazi wote wakatoka nje kuja kuona.

Nilikuwa nimekiweka uani, hata lebo sikuwa nimebandika. Akaja mwalimu mmoja na mkewe, wanahamishwa kazi. Mke akainama kwenye ubao wa kichwani, akanusa, akamwambia mumewe, "Hiki hakina hata harufu ya duka." Miaka yote hii hakuna mteja aliyewahi kuniambia maneno mazuri kama hayo. Nilifikiri: mama ana mninga unamngoja, na mimi sitaki kuuona huo ubao tena. Nilifikiri ninamwondolea. Nikapokea mkono wao.

Jumatatu hiyo hiyo nilikwenda nyumba waliyokuwa wakikaa. Wameshahama. Jirani anajua mkoa tu, hajui shule. Niliandika kwa ofisi ya elimu, sijajibiwa. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimekuja kupanga.

Sasa. Wewe uliandika "uza" mahali mama aliposema "safisha". Hilo tutalizungumza mimi na wewe, nina umri wa kutosha wa kulingoja. Lakini kwa sasa tuna jambo moja tu: mama atoke kwenye huo moshi. Nimemwona daktari wa kifua, anampokea. Bomba la moshi nimelinunua, nalo limo kwenye lori, sikuuliza hesabu. Lakini mama akijua kitanda hakipo, hatapanda gari. Unamjua. Atasema "haya" kwa sauti ile ndogo, na ndiyo itakuwa basi.

Kwa hiyo mwambie hivi, kwa maneno haya haya, usiongeze: kitanda bado kinanuka. Dada anakianika. Hakijawa tayari kuingia ndani, atakapofika atalala kwenye cha mninga siku chache tu, kwa muda. Akishafika, akishapata pumzi, akishalala chali usiku mmoja, nitamweleza mwenyewe. Nitapiga magoti. Lakini apande kwanza.

Najua mama ameniandikia nisimdanganye. Usinikumbushe.

Viti vyote vya sebuleni nimevivua nailoni. Mwambie na hilo, hilo ni kweli.

Dada yako

---

Nyumbani, tarehe 23 Aprili

Dada,

Barua yako nimeichoma kama ulivyosema.

Mama alikuwa tayari tangu alfajiri. Amevaa viatu vile vyeusi, mkoba magotini, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele ambako moshi haufiki sana. Kimya alipopiga honi akasimama bila kushikwa. Mke wangu alimpa mikate ya njiani. Wakakumbatiana vizuri kabisa, nilishangaa.

Nikamwambia. Kwa maneno yako yale yale, sikuongeza. Kitanda bado kinanuka, dada anakianika, utalala kwenye cha mninga kwa muda.

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningependa iwe kwa hasira. Akauliza, "Kauza kiasi gani?"

Nikasema mama, hakijauzwa, kinaanikwa.

Akasema, "Yule mtoto hajawahi kushindwa na harufu. Tangu tarehe tatu Machi? Na aliandika mwenyewe kimetoka safi. Kauza kiasi gani?"

Nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akasema, "Itakuwa bei nzuri. Kilikuwa kitanda kizuri."

Halafu akakaa tena pale pale kwenye ngazi, akaanza kuvua viatu. Mguu wa kulia kamba ilikaza. Niliinama kumsaidia, akanisogeza mkono. Alivua mwenyewe, akaviweka pamoja vizuri kando ya mlango, akaingia ndani, akakaa kwenye kochi wima, mgongo umeegemea ukuta. Nilimwomba. Mke wangu alimwomba. Kimya alizima injini akaja kumwomba, akaongea karibu saa nzima, unamjua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho akamwambia, "Haya, mwanangu, njia njema."

Bomba nimelipokea. Fundi anakuja kesho kulifunga. Tumelipima, ni refu la kutosha.

Lori linarudi tupu. Mikate aliyopewa ya njiani amesema tukupe wewe. Ameifunga mwenyewe kwenye karatasi mbili. Ukiifungua utaona inanuka moshi kidogo.

Mdogo wako